Bamba la Kerrow

Mume wangu Kerrow alitoa ngamia jike wawili, mmoja wake na mmoja wangu, akaletewa gari lenye mabawa ambalo haliruki.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya ile mvua kubwa iliyokata barabara zote. Ofisa mmoja wa mifugo alikuwa anastaafu na kurudi kwao Meru, na gari lake la Kijerumani, la miaka ya sitini, lilikuwa limesimama chini ya mgunga nje ya nyumba yake tangu sijui lini. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa mengi. Nyuma, kila upande, bodi ilichongoka ikapanda juu, na hayo ndiyo Kerrow aliyaita mabawa. Alikuwa amelipita gari hilo miaka na miaka akienda sokoni, na kila mara alipunguza mwendo. Wanaume wengine hupunguza mwendo kwa sababu ya wasichana, na huko angalau mke anajua la kufanya.

"Ngamia anatoa maziwa," nilimwambia. "Hili linatoa nini?"

"Heshima," akasema.

Heshima yenyewe ilikuwa kutoka nyumbani kwetu, mtaa wa Waberi, hadi msikitini na kurudi, mwendo ambao ukisimama mlangoni unaweza kumwita mtu akakusikia. Aliliogesha gari hilo kuliko alivyojiosha mwenyewe. Akipakia wazee wenzake huwaambia wakung'ute viatu kwanza, nao wanakung'uta.

Mimi kazi yangu ni maziwa ya ngamia. Wanawake wa malishoni kule upande wa Saka wanakamua alfajiri, mimi nayakusanya kwenye mitungi na kuyaleta mjini Garissa kwa lori lolote linalopita. Shida ilikuwa hapo kwenye lori. Dereva akikutana na rafiki yake njiani anazima injini wanaongea, na jua linaendelea na kazi yake. Mnunuzi wangu mkubwa alikuwa Leyla, mwenye hoteli ya chai karibu na soko, mwanamke mpole asiyerudia neno. Maziwa yalikuwa yameshamkatikia kwenye sufuria mbele ya wateja, tena zaidi ya mara moja.

"Qali, walaal," aliniambia, "wewe ni dada yangu. Lakini yakikatika tena nitanunua ya ng'ombe kutoka kule kwenye mashamba ya mtoni."

Niliondoka hapo nikipiga hesabu. Leyla akiniacha, hoteli nyingine zitafuata, na wale wanawake wa Saka hawana njia nyingine ya kuuza. Wangemwaga maziwa, na mimi ningeketi nyumbani nikiangalia gari likiogeshwa.

Kwa hiyo nilimwekea Kerrow maneno mezani. Ama gari lifanye kazi ya maziwa, ama anirudishie ngamia wangu. Ngamia wangu wakati huo alikuwa ameshauzwa mnadani na kwenda Mungu anajua wapi, kwa hiyo Kerrow hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua.

"Maziwa yatanuka kwenye viti," akasema.

"Viti vya nyuma vinatoka. Paa la nyuma linakatwa. Linakuwa pikapu."

Nilimwonea huruma kidogo, nasema kweli. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa mtoto wake anapelekwa kufanyiwa upasuaji.

"Mabawa yabaki," akasema mwishowe.

"Yabaki. Lakini kule nyuma kote tunaweka bamba. Bamba nene la chuma, sakafuni na ubavuni. Maziwa yakimwagika naliosha, na siku isiyo na maziwa tunabeba mbuzi."

"Mbuzi," akasema Kerrow kwa sauti ndogo, lakini tulikubaliana.

Fundi alikuwa Mutisya, Mkamba wa Mwingi, aliyekuwa na banda lake kando ya barabara ya kwenda darajani. Huyu nilimheshimu, na sababu yake lazima niieleze, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea.

Sisi Wasomali herufi p kwetu haipo. Ulimi ukiikuta unapita kwenye b, na v nayo inageuka f. Mimi p zangu ziko sawa na ninajivunia, kwa sababu nilikuwa na mwalimu kutoka Taita aliyenisimamisha mbele ya darasa mpaka nikatamka papai bila kosa. Kerrow alijifunza Kiswahili ukubwani, sokoni, na kwake papai ni babai mpaka leo. Sasa, Mutisya alipofika Garissa mara ya kwanza, mteja mmoja alimletea lori akamwambia, "Fundi, bima breki." Alitaka breki zipimwe. Mutisya akamjibu kwamba yeye hauzi bima, aende ofisi za mjini. Mteja akaenda. Inasemekana alibishana na karani wa bima nusu ya asubuhi, akimtaka atoke nje akalale chini ya lori.

Habari hiyo ilizunguka, Mutisya akachekwa, na kwa kuwa ni mtu mwenye bidii, akajitungia sheria: ukisikia b ujue ni p, ukisikia f ujue ni v. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwambia jambo likampotea. Watu walitoka hadi Hagadera na Dagahaley kumletea magari, wakisema yule ni fundi anayejua kusikia. Mimi pia nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Ningempa Mutisya maagizo mwenyewe, lakini lori la Saka liliondoka asubuhi hiyo hiyo, na mimi ilinibidi nikakae na wanawake wa malishoni kwa muda, kwa sababu malori yalikuwa yameadimika. Nilimwambia Kerrow mlangoni, "Neno la Kiswahili la kumwambia fundi ni moja tu. Bamba."

"Bamba," akasema.

"Tena."

"Bamba. Mimi si mtoto, Qali."

Nikaenda zangu kwa amani. Nilifurahi hasa kwamba safari hii neno lenyewe lilikuwa na b mbili na Kerrow hakuwa na pa kulikosea.

Niliporudi nilishukia darajani nikaenda moja kwa moja kwa Mutisya. Kulikuwa na watu wamezunguka banda, na watu wakizunguka banda la fundi hakuna la heri. Nikapenya.

Mbele lilikuwa gari lile lile, linang'aa kuliko zamani. Nyuma ya viti vya mbele paa lilikuwa limekatwa kwa ustadi, na kutoka hapo hadi mwisho palikuwa na kitanda. Sina neno lingine. Sakafu ya mbao, kuta za mbao, na juu ya mbao hizo pamba, pamba nene ya godoro, imefunikwa kwa mahameli nyekundu iliyoshonewa vifungo vya dhahabu. Vishada vya manjano vilining'inia ukingoni kote. Mabawa yalikuwa yamepakwa rangi upya, na kila moja limewekewa kioo kidogo kwenye ncha.

"Karibu, mama," Mutisya akasema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Sema kama umewahi kuona kitu hiki."

"Sijawahi," nikasema. "Bamba liko wapi?"

"Pamba si hii hapa? Bonyeza. Usiogope."

"Bamba, Mutisya. La chuma."

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni. "Mama, mimi nimekaa Garissa. Mzee alikuja akasimama hapo ulipo, akaniambia, 'Fundi, hii nyuma yote weka bamba. Bamba nene, bamba fizuri.' Nikamuuliza rangi gani. Akasema nyekundu. Sasa mtu mgeni angeenda kununua bati. Mimi nikaenda kwa mtu wa magodoro."

"Lakini alitaka bamba. Bamba lenyewe, la b."

Mutisya akaacha kufuta mikono. "Wewe ungekuja ukaniambia bamba, ningejua ni bamba," akasema polepole. "Wewe unajua p. Lakini mzee akisema bamba, ni pamba."

"Na mzee akitaka bamba kweli, aseme nini?"

Fundi alifikiri. Watu waliozunguka nao wakafikiri. Mmoja alijaribu maneno mawili matatu kwa kunong'ona.

"Hapo," Mutisya akasema, "mzee hana neno."

Kerrow alikuwa amesimama kando na bakora yake, akitazama juu kama anayetafuta mawingu, na mawingu hayakuwepo. Mtu huyu hugombana akiletewa chai yenye sukari pungufu. Siku hiyo, kazi imeharibika mbele ya umati, hakugombana na mtu yeyote. Hilo nililiona nikaliweka moyoni.

Kulibomoa na kulijenga upya hakukuwezekana, kwa sababu lori la mwisho la Saka lilikuwa limevunjika ekseli na Leyla alikuwa anasubiri maziwa keshokutwa. Basi kesho yake tukaenda na kitanda. Kupita sokoni Garissa ndani ya kitu kile, mchana kweupe, ni jambo ambalo simwombei adui. Wanawake wa mboga walisimama wakauliza bibi arusi ni nani. Askari wa kizuizi cha barabarani alichungulia nyuma, akachungulia mbele, akatutakia ndoa njema. Kerrow alimpungia mkono.

Tulilala kwa jamaa zetu huko Saka, na alfajiri wanawake wakaleta maziwa. Faduma, aliye mkubwa wao, alizunguka gari mara nyingi, kisha akaweka kiganja juu ya mahameli.

"Mimi nilipoolewa sikulala juu ya kitu kama hiki," akasema. "Na nyinyi mnalaza mitungi?"

Tulilaza mitungi. Ilizama kwenye pamba hadi mabegani, ikajipanga hapo kwa raha zake. Halafu mtungi mmoja ambao kifuniko hakikukaza ukatoa maziwa kidogo, kiasi cha kujaza kiganja, na Kerrow akaruka kutoka kwenye usukani na kitambaa chake cheupe cha mfukoni. Akaanza kufuta. Akaniambia niwe naweka mitungi taratibu, nisimharibie kazi.

Nimwambie nini msomaji. Kulikuwa na mtungi mkubwa wa maji tuliobeba kwa safari. Niliufungua, nikapanda nyuma, nikaumwaga wote, kutoka bawa hadi bawa, juu ya mahameli, juu ya vifungo, juu ya vishada. Pamba ikanywa yote bila kuacha tone.

"Sasa imeharibika," nikasema. "Twende."

Kerrow alikunja kitambaa chake, akakirudisha mfukoni, akawasha gari. Wanawake wa Saka walituaga kwa sauti za chini.

Jua lilipokuwa limesimama juu kabisa, mvuke ulianza kutoka mbele. Kerrow akasimama, akafungua boneti, akarudi nyuma huku amejikinga uso.

"Rejeta imekauka," akasema. "Leta maji."

"Maji gani?"

Aliangalia mahameli. Mimi nikaangalia upande mwingine. Barabara ilikuwa tupu pande zote, mchanga na vichaka, na kivuli cha mgunga mmoja mwembamba ambao hata mbuzi wangegombania. Kerrow aliingiza mkono kwenye kona ya kitanda, akakamua kwa nguvu zake zote, akapata kikombe cha maji mekundu. Akayatia kwenye rejeta. Rejeta ikayatema juu yake, na kanzu yake ikawa na madoa mpaka kifuani.

Kisha aliitazama mitungi.

"Usithubutu," nikasema.

"Maziwa ndani yake ni maji tu, Qali."

"Mume wangu, ukitia maziwa ya watu kwenye rejeta nitakuzika hapa hapa, na kichwani nitakuwekea hayo mabawa."

Tukakaa. Yeye upande mmoja wa mti, mimi upande wa pili. Sikutaka kugusa mitungi, kwa sababu ningegusa ningejua, na bado sikutaka kujua. Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyowahi kuogopa ukame. Katika ukame mnalia wote. Hapa ningerudi peke yangu kwa Faduma na wenzake kuwaambia kwamba maziwa yao hayana mnunuzi, na sababu yake ni kwamba nilikasirikia kitambaa. Nilimchukia Kerrow, nikamchukia Mutisya, nikamchukia hata yule mwalimu wa Taita. Upepo wa moto ulikuwa unavuma bila kupumzika, na vishada vilitikisika kwenye gari kama tuko sherehe.

Mwishowe lori la kwenda Balambala likatokea. Dereva alitupa maji, akalitazama gari, akamtazama Kerrow mwenye kanzu yenye madoa mekundu, akauliza bibi arusi ametorokea upande gani.

Tulifika kwa Leyla wakati wa alasiri. Alikuwa mlangoni. Nilishuka nikasimama kando. Leyla alikwenda nyuma ya gari, akaweka mkono kwenye mtungi wa kwanza, akautoa haraka. Akauweka tena.

"Mmetoa wapi barafu?" akauliza.

Nilidhani ananidhihaki. Niligusa mwenyewe. Mtungi ulikuwa baridi. Nikaingiza mkono kwenye pamba iliyouzunguka, nayo ilikuwa baridi, bado na unyevu chini ya mahameli iliyokauka juu. Leyla alimimina maziwa kwenye sufuria ndogo, akaweka kwenye moto, na tukasimama sote watatu tunaitazama sufuria. Yakapanda, yakafura, meupe, bila kukatika. Akatia majani ya chai, akaonja.

"Kesho leta zaidi," akasema, akaingia ndani.

Mimi nimekulia malishoni. Tangu mtoto najua kwamba chombo cha maji kikifungwa gunia bichi na kuachwa upeponi, maji yanapoa. Mama yangu alifanya hivyo kila siku ya maisha yake. Na bado nilikuwa nimekaa chini ya mti nikililia maziwa, huku upepo ule ule unayapoza mbele ya macho yangu. Nililia tena pale kwa Leyla, safari hii kwa furaha, nikawaambia ni moshi wa jikoni.

Tangu hapo kila safari niliimwagia pamba maji kabla ya kuondoka, na mtungi wa pili wa maji ulikuwa wa rejeta. Mahameli ilichujuka ikawa rangi ya maini. Vifungo vya dhahabu viliruka kimoja kimoja kwenye mashimo ya barabara ya Saka. Mabawa yalibaki, na vioo vyake, na Kerrow aliyapangusa kila jioni. Hatukuwahi kubeba mbuzi hata mmoja, maana nani atamlaza mbuzi kwenye godoro. Wanaume wenzake walipomuuliza, aliwaeleza kwa utulivu kwamba gari zuri na gari la kazi ni gari moja, ila mwenye kulichora awe mtu mwenye kuona mbali. Wengine walipeleka magari yao makuukuu kwa Mutisya. Mutisya naye, kwa kuwa alikuwa ameshatishika, alimuuliza kila mteja, "Unataka bamba ama pamba?" Nao wakamjibu, kila mmoja, "Bamba."

Mimi jambo langu lilikuwa bado moyoni. Mtu anayegombania sukari, siku ile alitazama mawingu. Na nyekundu ilitoka wapi? Nani anachagua rangi ya bati la kubebea mbuzi?

Siku moja baada ya chakula cha mchana niliketi mbele yake. Nyumbani tunaongea Kisomali, na Kisomali hakina maficho katika jambo hili: pamba ni *suuf*, chuma ni *bir*, hata mlevi hawezi kuyachanganya. Nikamuuliza kwa Kisomali, polepole, nikimtazama usoni. Siku ile pale kwa fundi, ulikuwa unataka *suuf* au *bir*?

Kerrow aliweka kikombe chini. Alifuta ndevu zake upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu mume wangu, ambaye tangu anioe hajawahi kuniongelesha Kiswahili ndani ya nyumba hata siku moja, akanijibu kwa Kiswahili.

"Mimi nilimwambia bamba."